Kwato, Nyayo na Magurudumu: Safari za Watu na Wanyama katika Nyanza Kusini

Nchi ambayo leo imegawanywa kuwa kaunti za Homa Bay na Migori ilitawaliwa kwa miaka mingi ndani ya wilaya moja, iliyoitwa kwanza Kavirondo Kusini na baadaye Nyanza Kusini, na historia ya usafiri wake imezoeleka kuandikwa kwa kufuata vyombo: meli za mvuke zilizotia nanga Karungu, Homa Bay na Kendu Bay, kisha malori, mabasi, na barabara kuu ya A1 inayoingia Kenya kutoka Tanzania pale Isebania, ikapita Migori, Awendo na Rongo kabla ya kupanda Kisii. Katika maandishi hayo mnyama hutajwa kama shehena, ikiwa anatajwa. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa ya muda ambao watu wamesafiri katika nchi hii, mnyama ndiye aliyeamua msafiri aondoke saa ngapi, apite njia ipi, apumzike mto gani na alale katika boma la nani, na badiliko kubwa lililotokea tangu mwanzo wa karne ya 20 ni kwamba uamuzi huo ulimtoka mnyama pamoja na mwenyewe, ukaangukia mikononi mwa afisa wa serikali, na mwishowe mwa dereva.

Ushahidi wa kale zaidi unaoonekana kwa macho ni wa mawe. Thimlich Ohinga, iliyoko karibu kilomita 46 kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori na iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2018, ni mkusanyiko wa maboma yaliyojengwa kwa mawe yaliyopangwa bila udongo wala chokaa, yenye kuta za unene wa takribani mita moja na kimo cha kati ya mita moja na nusu na mita nne na nusu. Ohinga ni neno la Kijaluo la boma la namna hiyo, na maboma ya aina hii yametapakaa katika nyanda zote zilizo mashariki mwa Ziwa Viktoria. Watafiti wanakadiria kwamba ujenzi ulianza yapata karne ya 16, na kwamba wakazi wa mwanzo na wale waliowafuata, wakiwemo Waluo, waliyatumia na kuyakarabati hadi karne ya 20. Ndani yake mlikuwa na nyumba za watu na mazizi ya mifugo, kwa kuwa adui wa usiku, awe chui, fisi au mvamizi, alimtafuta ng'ombe kabla ya kumtafuta mwenyewe. Kwa hiyo ukuta ulikuwa jambo la usafiri pia: msafiri aliyeongoza wanyama alilazimika kuipima siku yake kwa umbali uliokuwapo kati ya boma moja na jingine, na jua lilipoanza kushuka akiwa katikati ya mbuga alikuwa tayari amekosea hesabu.

Sababu iliyowatoa wanyama majumbani mara nyingi zaidi ilikuwa ndoa. Waluo huoa nje ya ukoo, na desturi hiyo, ikijumlishwa na malipo ya mahari kwa ng'ombe, ilimaanisha kwamba kila ndoa iliwafanya ng'ombe kadhaa kuwa wasafiri, tena mara kwa mara, kwani mahari hayakutolewa kwa siku moja bali kwa awamu zilizoweza kuendelea kwa miaka. Safari ya namna hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Ng'ombe walitolewa zizini mapema, kabla jua halijawa kali, wakatembea na kulisha kwa wakati mmoja, kwa sababu ng'ombe anayeswagwa bila kula hufika amekonda na kumletea mwenyewe aibu mbele ya wakwe. Kundi linaloruhusiwa kulisha njiani haliendi zaidi ya kilomita 15 au 20 kwa siku. Mchana liliteremshwa mtoni, likapumzishwa kivulini, kisha likaondolewa tena alasiri ili lifike kabla ya giza. Mito ya Kuja na Migori, inayokutana kabla ya kuingia ziwani, ndiyo iliyokuwa kizuizi kikubwa kwa wasafiri wa upande wa kusini, hasa wakati wa masika ya Machi hadi Mei, mvua za milimani Kisii zinapoijaza Kuja hata pale ambapo nyanda za chini ni kavu. Hapo msafara wa mahari ungeweza kungoja ukingoni siku kadhaa, na hakuna mkwe aliyeona ajabu.

Katika msafara huo mbwa alikuwapo, ingawa hakuhesabiwa. Mbwa wa vijiji vya kando ya ziwa, mwenye manyoya mafupi na umbo la wastani, hakufungwa kamba wala hakufundishwa amri; alifuata kwa hiari watu na ng'ombe aliowazoea, akala masalio ya chakula chao, akabweka usiku fisi walipokaribia zizi la wenyeji. Hakuwa sehemu ya mahari, hakudaiwa endapo alipotea, na aliporudi nyumbani hakuna aliyeeleza alikokuwa. Pengine hiyo ndiyo sababu ya wanahistoria kumruka, maana nyaraka nyingi huandikwa pale kitu kinapolipiwa kodi, kinapoibwa au kinapogombaniwa, na mbwa wa kijijini kwa muda mrefu hakupatwa na lolote kati ya hayo.

Ipo safari nyingine ya wanyama ambayo haikuwa na mzigo wala mnunuzi, nayo inastahili kuangaliwa kwa makini kwa sababu ilikuwa safari ya siku moja hasa. Tero buru ni ibada ya mazishi ya Waluo ambayo wanaume wa ukoo, wakibeba mikuki, ngao na rungu, huwaswaga ng'ombe wa marehemu na wa jamaa zake hadi mpakani mwa nchi yao au kwenye mbuga ambako zamani walikabiliana na maadui, wakipiga kelele na pembe, kisha huwarejesha bomani siku hiyohiyo. Maana yake inayoelezwa kwa kawaida ni kuifukuza mauti kutoka nyumbani mwa marehemu. Jambo la kuzingatia ni kwamba watu peke yao hawakutosha kuifanya kazi hiyo. Ilibidi ng'ombe wawepo, wakimbizwe, watoke jasho pamoja na waombolezaji. Makanisa mengi yaliipinga ibada hii tangu siku za mwanzo, yakiwemo ya Waadventista Wasabato waliofungua kituo chao cha Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na katika maeneo mengi imepungua, japo haijakoma. Misafara ya pikipiki zilizofungwa matawi ya miti, ambazo siku hizi hutoka kuulaki mwili wa marehemu barabarani, huonekana kama mrithi wake, ingawa dai hilo halifai kutiliwa mkazo mno, kwa vile katika ibada ya kale kitovu kilikuwa mnyama, na katika hii mpya mnyama hayupo.

Misiba miwili ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 iliuvuruga utaratibu huo wote. Wa kwanza ulikuwa sotoka, maradhi ya virusi yaliyoikumba Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kuangamiza ng'ombe pamoja na nyati na wanyamapori wengine wenye kwato. Wa pili ulikuwa malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, yule nzi anyonyaye damu, ambao baada ya mwaka 1900 uliua watu wengi sana katika mwambao wa Ziwa Viktoria na kusababisha sehemu za fukwe kuhamwa. Mahali palipoachwa na watu na ng'ombe vichaka viliota, na vichaka vikamkaribisha mbung'o. Bonde la Lambwe, lililoko kati ya vilima vya Gwassi na miinuko ya Kanyamwa, likawa ngome ya nzi huyo.

Kwa msafiri aliyeongozana na wanyama, Lambwe ilikuwa nchi ya kuzungukwa, wala si ya kukatwa katikati. Mbung'o humpa ng'ombe nagana, yaani ugonjwa wa vimelea vya damu unaomdhoofisha polepole, lakini kwa mbwa na farasi maradhi hayo ni ya haraka zaidi: mbwa aliyeambukizwa hupata homa, uso humvimba, macho humfunga ukungu mweupe, na asipotibiwa anaweza kufa katika muda wa majuma machache. Hivyo mtu aliyetoka Homa Bay kwenda Karungu na mbwa wake angeweza kufika salama, akarudi salama, kisha akampoteza mbwa nyumbani bila kuijua sababu. Nzi huyohuyo anaeleza mengi kuhusu usafiri wa kikoloni kwa jumla. Katika vita vya 1914 hadi 1918, ambavyo vilifika Nyanza Kusini mapema kwa kuwa majeshi ya Wajerumani yaliuingia mji wa Kisii mwezi Septemba 1914 kabla ya kurudishwa nyuma, farasi, nyumbu, punda na maksai walikufa kwa makumi ya maelfu katika medani za Afrika Mashariki, na mizigo yao ikahamishiwa mabegani mwa wapagazi, wengi wao wakichukuliwa kutoka Nyanza. Mnyama aliposhindwa kusafiri, binadamu alilazimishwa kuishika nafasi yake; hukumu hiyo ni kali, lakini kumbukumbu za vita zinaiunga mkono.

Vita dhidi ya mbung'o viliendelea kwa kufyeka vichaka, kuwahamisha watu na kuwarejesha, na baadaye kunyunyizia dawa kwa ndege. Mwaka 1966 sehemu ya bonde ilitengwa kuwa hifadhi ya wanyama ya Lambwe, na mwaka 1983 ikapandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Ruma, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 120, ambayo ni makimbilio ya mwisho ya korongo nchini Kenya, huyo akiwa swala mkubwa mwenye pembe zilizopindia nyuma. Mlipuko mwingine wa malale ulitokea bondeni humo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Leo kanuni za hifadhi za taifa za Kenya haziruhusu mbwa kuingizwa ndani, kwa hofu ya magonjwa na ya kuwasumbua wanyamapori, na uwindaji wenyewe ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977. Bonde ambalo mbwa wa mwindaji alikatazwa na nzi limekuja kukatazwa na sheria.

Majini mambo yalikuwa mengine. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli za mvuke zilizounganishwa nayo, kama vile Winifred, Sybil na Clement Hill, ziliifungua pwani ya kusini kwa biashara ya ngozi, nafaka na baadaye pamba. Usafiri wa wanyama hai, hasa kuelekea visiwani, ulibaki kwa kiasi kikubwa kuwa kazi ya mashua za wenyeji. Mfangano hadi leo haifikiki kwa miguu, na kila ng'ombe, mbuzi au mbwa aliyeko huko ama alivuka kwa chombo ama amezaliwa na aliyevuka. Rusinga ilikuwa hivyohivyo hadi miaka ya 1980, mlango mwembamba wa maji uliopo Mbita ulipojazwa mawe na udongo kuwa njia ya kupita, na baadaye daraja likajengwa ili maji ya ziwa yaweze tena kupita chini yake. Tangu hapo mbuzi wa Rusinga huenda sokoni kwa miguu yake. Kwa wanaotoka ng'ambo ya ghuba ya ziwa, kivuko kinachosafiri kati ya Luanda Kotieno na Mbita huwapunguzia safari ndefu ya kuzunguka kupitia Kisumu, na sitaha yake hubeba magari, mifugo na abiria pamoja.

Serikali ya kikoloni ilileta kitu ambacho wasafiri wa zamani hawakukijua, nacho ni karatasi. Idara ya mifugo iliogopa sotoka na homa ya mapafu ya ng'ombe kiasi kwamba maeneo ya Waafrika yaliwekwa chini ya karantini kwa vipindi virefu, yaani marufuku ya kutoa mifugo nje ya eneo lililotangazwa kuwa na maradhi, na nia hiyo ya kitabibu ilienda sambamba na nia ya kulinda mifugo na soko la walowezi. Ng'ombe aliyetoka nje ya wilaya alihitaji kibali, alipitishwa katika njia maalumu za mifugo, na alikaguliwa. Tume ya Nyama ya Kenya ilipoanzishwa mwaka 1950, ununuzi wa mifugo kutoka maeneo haya ulipangwa kwa mfumo uleule wa vibali na ukaguzi. Baada ya uhuru Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, ambayo ni Sura ya 364 ya Sheria za Kenya, iliurithi utaratibu huo karibu wote, na mfanyabiashara anayetoa ng'ombe mnada wa Rodi Kopany, mnada maarufu wa mifugo katika Homa Bay, kuwapeleka kaunti nyingine bado anatakiwa awe na kibali cha afisa wa mifugo.

Kizuizi cha pili cha karatasi kilikuwa mpaka. Mstari uliokubaliwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, ukianzia pale latitudo ya digrii moja kusini inapokutana na ufuko wa mashariki wa Ziwa Viktoria, uliwakata Waluo na Wakuria, ukaziacha koo za Kikuria kama Wanyabasi, Wakira, Wagumbe na Wairege zikiwa na watu pande zote mbili. Kwa mchungaji wa Kehancha, upande wa Kenya, safari ya kumtembelea mjomba Tarime, upande wa Tanzania, ikawa safari ya nchi za nje. Utawala ulipokuwa mmoja, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na baadaye chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, jambo hilo halikuwa zito sana. Lakini Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 Tanzania iliufunga mpaka, nao ukafunguliwa tena mwezi Novemba 1983. Kwa miaka hiyo ng'ombe hawakuacha kuvuka. Walivuka kwa njia za panya, yaani vichochoro vya magendo visivyo na kituo cha forodha, na walivuka usiku. Kwa kuwa eneo hilo lilikuwa tayari na historia ndefu ya wizi wa mifugo kati ya koo za Wakuria wenyewe na kati yao na Wamaasai, mwendo wa usiku ukawa ishara ya hatia, na mtu mwaminifu aliyecheleweshwa na mto akajikuta akishukiwa pamoja na wezi. Siku halali ya kusafiri na mifugo ikawa ile inayoanza kukicha na kwisha jua likizama, kama ilivyokuwa enzi za Thimlich Ohinga, ila sasa anayeogopwa gizani alikuwa askari.

Mbwa naye aliingia katika nyaraka kwa mlango wa maradhi. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa viungani mwa Nairobi, na Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, iliipa serikali uwezo wa kuagiza mbwa wafungwe na wanaozurura waangamizwe katika maeneo yaliyotangazwa kuwa na ugonjwa. Yule msafiri asiyehesabiwa akawa mnyama anayechungwa na dola kuliko mbuzi. Hofu hiyo haikuwa bure, na haikuhusu binadamu pekee. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, ambao ni homa ya virusi ya mbwa, uliua takribani theluthi moja ya simba wa Serengeti na kuenea kaskazini hadi Maasai Mara, na watafiti waliwatazama mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi kuwa chanzo chake. Vijiji hivyo, upande wa magharibi, viko katika Mkoa wa Mara wa Tanzania, jirani na Kuria ya Kenya, na mbwa afuataye ng'ombe hakaguliwi katika njia ya panya. Chanjo ya mbwa iliyoendeshwa baadaye kuizunguka Serengeti, na mkakati wa Kenya wa 2014 hadi 2030 wa kutokomeza kichaa cha mbwa, ambao Siaya na Kisumu zilikuwa miongoni mwa kaunti za mwanzo kuujaribu, vilitokana na kukubali kwamba mbwa ni msafiri.

Kuhusu magari hakuna haja ya maneno mengi. Matatu ziliporuhusiwa rasmi mwaka 1973, na pikipiki zilipoenea baada ya kodi yake kupunguzwa mwaka 2008, mwendo wa siku tano ukawa wa saa chache: kuku kikapuni chini ya kiti, mbuzi kwenye keria, ambayo ni fremu ya chuma juu ya paa, au akiwa amefungwa nyuma ya boda boda. Kanuni za kusafirisha wanyama za mwaka 1984, zilizotungwa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, zinakataza kuwasafirisha kwa namna ya kuwatesa, lakini yeyote aliyesimama kando ya A1 siku ya mnada anajua utekelezaji wake ulivyo. Punda pekee ndiye aliyebaki na mwendo wake wa zamani katika Kuria na Nyatike, akibeba maji na mahindi ya kusaga, hadi machinjio ya punda yaliyofunguliwa nchini kuanzia mwaka 2016 kwa ajili ya soko la ngozi la China yalipomfanya naye awe wa kuibwa usiku.

Aina mpya kabisa ya safari ni ya mbwa au paka wa nyumbani anayechukuliwa na familia ya mjini kwenda kijijini mwezi Desemba, umbali unaozidi kilomita 350 kutoka Nairobi hadi Migori. Mnyama huyo hachungi wala hawindi. Anasafiri kwa sababu anapendwa, au kwa sababu hakuna wa kumwachia. Joto la Homa Bay ni kali kuliko la Nairobi, gari lililofungwa vioo humuua mbwa upesi, na mwenyewe akitaka kuvuka Isebania atadaiwa cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa pamoja na kibali cha idara ya mifugo. Kama hana gari lake, neno la mwisho ni la kondakta, ambaye anaweza kumkubali mbwa kwa nauli ya mtu, au kumkataa kwa sababu abiria mmoja amelalamika. Njiani hakuna kituo kilichotengwa cha kumnywesha wala cha kumpumzisha, jambo ambalo wachungaji wa mahari walilipanga kabla ya kufungua zizi. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi serikali za kaunti udhibiti na ustawi wa wanyama, ikitaja wazi leseni za mbwa na mahali pa kuwahifadhi, kuwatunza na kuwazika wanyama. Homa Bay na Migori, zenye minada mikubwa, kivuko cha ziwani na mpaka wa kimataifa, zina sababu kuliko kaunti nyingi za kulitekeleza jukumu hilo.